Nimesoma kila kitu kuhusu mikorosho, kwa nini mjomba bado ananizidi?

*"Shikamoo bwana shamba. Mimi ni binti wa miaka 27, nina digrii ila si ya kilimo. Baba alipofariki nilirudi Newala kusimamia mikorosho yake, miti kama 120. Sikutaka kulima kwa mazoea, kwa hiyo nilijisomea sana. Nipo kwenye magrupu matatu ya WhatsApp ya wakulima, nimeangalia video nyingi za India na Vietnam, na nina ratiba ya dawa kwa tarehe. Juni 15 nilianza kupuliza salfa kama ratiba inavyosema, na nikapuliza pia dawa ya wadudu maana majimoto walikuwa wanatung'ata sana. Mjomba wangu, kaka yake mama, shamba lake linapakana na letu. Aliishia darasa la nne na simu yake ni kiswaswadu. Msimu uliopita nilipata gunia sita. Yeye kwa miti yake 90 alipata kumi na moja. Nikimuuliza anafanyaje, ananijibu 'nauangalia mti', basi. Kijijini wameanza kuniita msomi wa gugo. Kusoma kote huku kuna faida gani? Niache nimfuate mjomba tu, au kuna taarifa ambayo bado sijaipata?"*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba.

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo, na usipoyatenganisha yatakuchosha. Moja ni la shamba: kwa nini gunia sita. La pili ni la moyo: kama mtu wa darasa la nne ananipita, miaka yote ile darasani nilikuwa natafuta nini? Nitaanza na la shamba, kwa sababu jibu la lile la pili limejificha humo humo kwenye matawi.

Chukua ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe. Unajua kwamba unashambulia machipukizi, maua na korosho changa. Unajua salfa ndiyo dawa yake ya siku nyingi. Yote hayo ni sahihi na sitakusahihisha. Lakini angalia salfa inavyofanya kazi. Haiponyi ua lililokwisha kuungua. Inakaa juu ya ua na kuzuia vimelea visiote. Kwa hiyo faida yake yote iko kwenye wakati. Ikitangulia ugonjwa, inalinda. Ikichelewa, unaipaka maiti poda. Ikiwahi mno, kabla mashada ya maua hayajachomoza, unalinda majani magumu ambayo hayakuwa na shida, na fedha yako inakwenda na upepo.

Sasa mapema ni lini, na kuchelewa ni lini? Ratiba yako ilisema Juni 15. Mkorosho haujui Juni 15. Masika yakichelewa kuisha, maua nayo yanasogea. Ndani ya shamba moja utakuta mti huu umeshatoa mashada na wa jirani yake bado unabadilisha majani. Vimelea navyo vina hali ya hewa vinayoipenda: usiku wa baridi wenye umande, halafu mchana mkavu wenye jua. Ninyi mlioko juu kule Newala hali hiyo mnaipata tele wakati wa kipupwe, na ukungu wa asubuhi juu yake. Mkulima wa pwani ya Mtwara na wewe hamwezi kushika tarehe moja, hata kama mko grupu moja na mnatumiana salamu za asubuhi kila siku.

Mjomba anaposema "nauangalia mti", usidhani anakuficha kitu. Nimekaa na wazee wa rika lake shambani muda mrefu, kwa hiyo naweza kukisia macho yake yanakwenda wapi. Hatazami juu kwenye maua kama wewe. Anainama, anaingia chini ya matawi, anatafuta maotea yaliyochipua kwenye shina na kwenye matawi ya ndani penye kivuli. Vimelea hujificha humo msimu wa mvua na kungoja. Akiona unga mweupe kwenye maotea hayo wakati mashada ya nje bado hayajafunguka, anajua mwaka huu vita itaanza mapema na mti gani utaanza kuumwa. Anayakata, anasafisha ndani ya mti hewa ipite. Kisha mashada ya kwanza yakichomoza anapuliza alfajiri, upepo haujaamka na umande bado umeshika majani, ili unga ugande. Baada ya wiki mbili hivi anarudi. Kuna mti ataupuliza tena na kuna mti ataupita. Hapo kwenye kuupita ndipo wewe na yeye mnapoachana kabisa.

Halafu hao majimoto. Mwanangu, hapa ndipo nilipohuzunika kidogo nilipousoma ujumbe wako. Najua wanang'ata, na najua vibarua hugoma kuokota chini ya mti wenye viota vyao. Lakini wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota ni walinzi. Wanawinda mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi mpaka yanakuwa na madoa meusi na kukauka, na wanawawinda pia kunguni wanaoharibu korosho changa. Watafiti wetu hapa Tanzania wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Dawa kali ya wadudu haichagui: inaua mbu na inaua mlinzi wa mbu. Mbu akirudi, na atarudi, anakuta mti hauna mwenyewe. Nina hakika ukienda kwa mjomba utakuta viota vimejaa, na ukimuuliza kwa nini hawaui atakwambia tu "hao waache". Hajui jina lao la kitaalamu. Ila amewahi kuona mti wenye nao na mti usio nao, mwaka baada ya mwaka.

Ile dawa uliiona kwenye video ya India, au siyo? Sikulaumu. India wana mbu wao wa mikorosho, ndugu wa huyu wetu, na kwao ndiye adui namba moja. Kwa hiyo mwalimu wa kule anapoanza na dawa ya wadudu anasema kweli kwa watu wake. Maua yao huanza kutoka karibu Novemba, wakati sisi huku tunaokota. Vietnam wanavuna kuanzia Februari, wakati sisi tunafikiria kupogolea. Umejifunza mambo ya kweli kutoka kwenye mti ambao si wako, mahali ambapo si kwako, mwezi ambao si huu.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako, na mengine yote ni maelezo yake. Taarifa inakwambia kitu gani kimewahi kufaa mahali fulani. Hekima ni kujua kama kinafaa hapa, leo, kwa mti huu, na mara nyingi ni kujua cha kuacha kufanya. Ndiyo maana taarifa moja zaidi haitakusaidia. Ukijiunga na grupu la nne utapata ratiba ya nne, na kesho asubuhi utasimama chini ya mti ule ule ukiwa huna la kuuambia.

Wala usione haya. Waliokuzidi elimu na fedha walianguka vibaya kuliko wewe, na nusu ya habari yao iko huku huku kusini. Mwaka 1946 Waingereza walituma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kuangalia kama nchi hii inaweza kulimwa karanga kwa matrekta. Walizunguka kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti nzuri. Ikapangwa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikafanyika kule Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Takwimu zilikuwepo, ramani zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga zilikataa kung'oka, na mvua haikuheshimu wastani ulioandikwa. Wagogo walioishi na ukame ule vizazi kwa vizazi walikuwa pale pale. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa baada ya kumeza paundi milioni 36. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ilibaki, na leo korosho za kusini zinapitia humo. Kwa hiyo hasara nayo huacha kitu.

Sasa nikusahihishe upande wa pili, kwa sababu naona unaelekea huko: kwamba hekima ni ya wazee na shule haina kazi. Hapana. Tuna msemo wetu kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nimekuta mengi yameharibika penye wazee. Wapo wenye miaka arobaini shambani ambao walijifunza mwaka wa kwanza wakaacha hapo. Mvi si cheti.

Tazama mjomba wako aliipataje hekima yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali na kuota pori, bei haikumtia mkulima moyo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiriunga ukaingia. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inavuna chini ya tani 20,000. Kama mjomba ana miaka sabini, hayo aliyaona akiwa kijana mwenye shamba. Aliona maua yakigeuka majivu bila kujua kwa nini. Aliona salfa inakuja, wapo waliopuliza wakapata, wapo waliopuliza wakakosa, na tofauti ikabidi aitafute kwa macho maana hapakuwa na wa kumuuliza. Na kila alipokosea, aliyelala njaa ni yeye. Anayekutumia ratiba kwenye simu akikosea, yeye halali njaa. Nadhani hilo peke yake linaeleza robo tatu ya tofauti kati ya gunia zenu.

Kuna wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka walipingana: mmoja akitilia shaka hisia za wabobezi, mwingine akiziheshimu. Mwaka 2009 wakaandika pamoja walipokubaliana. Walisema hisia ya mtu mzoefu inaaminika pale tu ambapo mambo yenyewe yana utaratibu unaojirudia, na mtu huyo amepata nafasi ya kutosha ya kufanya, kuona matokeo, na kujirekebisha. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, uzoefu unazaa kujiamini tu.

Pima mjomba kwa kipimo hicho. Kwenye mti anafaulu: mkorosho una tabia, unajirudia, na kila mwaka unamjibu. Kwenye bei anafeli, na asikudanganye. Bei haina tabia. Msimu wa 2017/18 minadani korosho ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata wanunuzi walitoa bei ambayo wakulima waliikataa, na Novemba 2018 serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300, magari ya jeshi yakaja kubeba. Mzee gani aliliona hilo kwenye mawingu? Kwa hiyo akikwambia "tungoje, nahisi bei itapanda", hapo msikilize kwa adabu, kisha uangalie matokeo ya minada iliyokwisha kufanyika na uulize kwenye chama chako cha msingi cha ushirika. Mambo ya stakabadhi, makato na tarehe za malipo, simu yako inajua kuliko yeye. Akikwambia umuuzie mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo rasmi, kidogo kwa ajili ya shida ndogo ndogo, hapo hata msimsikilize, wewe wala yeye.

Kuna na magonjwa asiyoyajua. Wazee wengi walioushinda ubwiriunga kwa salfa wamebaki wanaamini salfa inatibu kila doa. Blaiti, ugonjwa wa madoa kwenye majani na korosho changa, haitibiki kwa salfa. Mnyauko fuzari ndio kabisa, maana unatoka ardhini na unaua mti mzima. Hapo macho ya mjomba yanaweza kumdanganya kwa sababu ni macho ya vita ya zamani, na kijana aliyesoma maelezo sahihi anaweza kuokoa shamba la ukoo. Kusoma kwako hakukupotea. Kulikuwa kunangoja jicho la kukutumikia.

Utalipataje jicho hilo? Shida kubwa ya mkorosho ni kwamba unatoa jibu mara moja kwa mwaka. Mjomba ana majibu arobaini na zaidi, wewe una mawili. Ukisubiri kawaida utampata ukiwa bibi. Lakini unaweza kuulazimisha msimu mmoja ukupe majibu mengi. Usiifanyie miti yote 120 kitu kimoja. Chagua miti miwili ya pembeni, upande ambako upepo unatoka shambani kwenda nje, usiipulize kabisa. Miwili mingine isafishe maotea vizuri kisha uipulize kwa kuangalia mashada. Miwili ipulize kwa ratiba yako ya simu. Ifunge vitambaa vya rangi tofauti. Utapoteza kilo kadhaa kwenye ile miwili ya kwanza, na huo ndio ada yako ya shule. Kisha weka daftari. La karatasi, maana simu hufa chaji shambani. Andika siku mashada ya kwanza yalipoonekana kwenye kila mti wa alama, hali ya asubuhi ile, ulichofanya, na muhimu kuliko yote, andika *unachotegemea kitatokea* kabla hakijatokea. Mtu asipoandika alichokitegemea, mwisho wa msimu kumbukumbu yake inampendelea: atasema "nilijua tu". Mjomba mwenyewe huenda anasema hivyo wakati mwingine.

Upande wa mjomba, acha kumuuliza "unafanyaje?" Hilo ni swali la mtihani, na mtu aliyebobea hana jibu lake, kwa sababu vingi anavyovijua havijawahi kupita mdomoni. Nenda shambani kwake alfajiri wakati wa kupogolea, umshikie panga, ufanye kazi kweli. Huku kwetu kusini mjomba ni mtu mzito kwa mpwa wake, hatakufukuza. Mkifika chini ya mti, sema wewe kwanza: "Mjomba, mimi huu ningeupuliza leo." Kisha nyamaza. Akisema "aa, huu bado", hapo ndipo uulize: "Umeona nini?" Ataonyesha kwa kidole. Pale alipoonyesha kidole na wewe hukuwa umepaangalia, hapo ndipo somo lilipo, na halimo kwenye video yoyote. Muulize pia kuhusu mwaka uliomshinda. Watu hueleza vizuri zaidi mwaka uliowatesa kuliko mwaka uliowapa.

Na wewe mpe ulicho nacho. Msomee maelezo ya blaiti. Mwonyeshe picha ya mnyauko. Msomee matokeo ya mnada yanapotoka. Wazee wengi hawakatai elimu, wanakataa kudharauliwa na wenye elimu. Akikuona unasikiliza, siku moja atakuuliza swali mwenyewe, na kijiji kitasahau hilo jina la msomi wa gugo bila wewe kugombana na mtu.

Umeuliza kama uache kusoma umfuate yeye tu. Ukifanya hivyo mwaka ujao utavuna vizuri zaidi, sikufichi. Ukitaka gunia tu, ni njia ya haraka. Lakini utakuwa umeazima macho, na siku akiumwa au akiondoka utabaki unaiga matendo usiyojua sababu zake, na kuiga kwa namna hiyo hakuna tofauti na ratiba yako ya Juni 15, isipokuwa imetoka kwa mtu unayempenda. Ukiendelea na simu peke yake, tumeshaona. Hii njia ya daftari na alfajiri ni ya polepole, ina kilo utakazopoteza, na katika msimu wa kwanza huenda usione tofauti kubwa. Ningekushauri hiyo. Magrupu mawili yaache, baki na lile lenye watu wengi wa huko juu kwenu, na taarifa ikija uulize kwanza aliyeileta analima wapi na mwisho wa msimu alipata nini. Wengi watanyamaza.

Sasa kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi, na mjomba kwa macho, na grupu kwa picha, hatupaswi kuyaamua. Ukiona mti majani yananyauka na kuwa ya njano kuanzia tawi moja kisha mti mzima unaanza kukauka wakati mingine inashamiri, usiburute matawi yake kupita shambani, usihamishe udongo wa chini yake, na usingoje. Mwite afisa ugani wa kata aje aone kwa macho yake. Ikihitajika yeye atawasiliana na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, pale nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambako korosho ndiyo kazi yao kubwa. Fanya hivyo hivyo kama unataka kuondoa mikorosho ya zamani ya baba na kupanda miche bora. Hilo ni jambo la miaka mingi mbele, si la kuamua kwa ujumbe wa simu.

Na hizo dawa za wadudu ulizobakiza, usizichanganye kwa kukisia. Peleka chupa kwa afisa ugani asome lebo. Mtu aliyepuliza akianza kutapika, kizunguzungu au kifua kubana, aende zahanati siku hiyo hiyo na chupa yenyewe mkononi, asipewe maziwa nyumbani akasubiri kesho. Salfa nayo inawasha macho na kifua, kwa hiyo vibarua wako wavae barakoa na miwani, hata kama mjomba hajawahi kuvaa maisha yake yote. Katika hilo usimfuate.

Jambo la mwisho ni dogo lakini fanya mapema. Kabla hujafunga vitambaa vyako, mwambie mjomba ile miti miwili isiyopulizwa ni ya majaribio. La sivyo ataiona ina unga mweupe, atakuonea huruma, na utakuta siku moja ameshaipuliza kwa salfa yake mwenyewe.